Ukihama nchi mara kwa mara, beba hivi kwanza: hatua kwa hatua

Nimehama nchi mara sita ndani ya miaka tisa. Dar kwenda Nairobi, Nairobi Kigali, Kigali Bujumbura, nikarudi Dar miezi minane, alafu Muscat, na asaivi niko Leipzig huku Ujerumani na binti yangu wa miaka mitano. Kazi zangu ni za mikataba, mwaka, mwaka na nusu, ukiisha unafungasha. Kila mwezi kuna mtu ananipigia, dada eti nibebe nini, na mimi narudia yale yale, kwahiyo nimeamua kuyaandika yote kwa mpangilio ili mtu anayefungasha wiki hii ayafuate moja baada ya jingine.

Safari ile ya kwanza ya Nairobi nilibeba mabegi mawili yamejaa mpaka zipu zinalia. Gauni za shughuli, seti ya sahani niliyopewa kwenye kicheni pati, vitabu vya chuo. Usiku wa kwanza kwenye nyumba niliyopanga nikakuta sina ndala za kuingilia bafuni, sina kikombe, sina cha kujifunika na ilikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Nairobi ya mwezi wa saba anajua baridi yake. Nililala nimejifunika gauni la sendofu. Toka siku hiyo nikaelewa kwamba kitu cha muhimu ni kile ambacho mkono wako unakigusa kila siku bila wewe hata kufikiria, bei yake haihusiki kabisa, na ndo vitu hivyo tunavisahau kwasababu tumevizoea mno hatuvioni.

Hatua ya 1: siku tatu za daftari

Wiki mbili kabla ya safari chukua daftari dogo, au simu, alafu kwa siku tatu andika kila kitu unachokigusa toka unaamka mpaka unalala. Usiandike unachodhani unakihitaji, andika ulichokigusa. Mswaki, chujio la chai, miwani, msala, chaja, kile kisu kidogo cha kumenyea vitunguu. Chagua siku mbili za kazi na moja ya mapumziko maana siku ya mapumziko mikono inagusa vingine, mimi jumapili namsuka mtoto, bila chanuo lake na kopo la mafuta ya nazi jumapili haiendi.

Siku ya nne kaa chini uhesabu. Kilichotokea siku zote tatu kinaenda. Kilichotokea mara moja tunakijadili. Ambacho hakikutokea kabisa kisikusumbue kichwa hata kama ulikinunua kwa hela nyingi, kina hatua yake huko chini.

Hatua ya 2: kila kitu kiulize swali moja

Swali lenyewe ni hili: huko niendako nitakipata kabla sijalala usiku wa kwanza? Watu wengi wanauliza kama kitu kinapatikana nchi ile, na karibu kila kitu kinapatikana kila nchi, shida ni kwamba wewe unafika saa nne usiku, umechoka, huna hela ya pale, hujui duka liko wapi na mtoto analia. Kikombe kinauzwa dunia nzima lakini saa nne usiku hakiuzwi. Kwahiyo kikombe kinaenda, kimoja, cha bati kisichovunjika.

Hapa pia ndo unaangalia unakwenda wapi. Nilipohamia Muscat nilibeba unga na viungo kama naenda jangwani, kumbe Waomani wengi wana asili ya Zanzibar, Kiswahili unakisikia madukani, mishkaki inauzwa barabarani, kila kitu kipo. Huku Leipzig ni kinyume chake, unga wa mahindi madukani upo lakini mwingi ni ule wa chenga chenga wanaopikia Wataliano, ukiusonga unapata kitu kingine kabisa, sembe mpaka uende duka la Waafrika. Uliza mtu aliyeko kule, tena umuulize jambo la kueleweka, "ulipofika ulikosa nini wiki ya kwanza?", usimuulize maisha yakoje.

Hatua ya 3: bahasha ya karatasi

Hii haiwekwi kwenye begi kubwa hata siku moja, inakaa begani mwako. Nina faili la plastiki la mifuko mifuko, linafungwa kwa kitufe, na ndani mpangilio haubadiliki.

Mfuko wa kwanza pasipoti. Hakikisha imebaki angalau miezi sita kabla haijaisha, nchi nyingi wanakukatalia chini ya hapo, na kurasa tupu mbili tatu ziwepo. Pamoja nayo kadi ya njano ya homa ya manjano. Kadi hii tangu Julai 2016 inahesabika ya maisha yote, hata kama wameandika miaka 10, ila chanjo inaanza kutambuliwa baada ya siku 10, kwahiyo ukichanja leo usisafiri kesho kutwa ukategemea itakusaidia. Angalia jina lako kwenye kadi linafanana herufi kwa herufi na la pasipoti. Langu waliruka herufi moja nikasimamishwa mpakani zaidi ya saa nzima na mtoto mgongoni.

Mfuko wa pili vyeti: kuzaliwa, ndoa, shule, chuo. Vyeti halisi, pamoja na kopi zilizothibitishwa. Kama unaenda Ghuba kikazi fahamu kwamba vyeti vinatakiwa kugongwa mihuri kwanza nyumbani, wizara ya mambo ya nje alafu ubalozi wa nchi unayokwenda, na hiyo kazi inachukua wiki kadhaa, huifanyi ukiwa tayari umeshafika. Weka na cheti cha tabia njema cha polisi kama mwajiri anakitaka.

Mfuko wa tatu ni wa mtoto, na hapa wazazi naomba mnisikilize vizuri. Kadi ya kliniki. Ile ile tunayoiacha kwenye droo nyumbani imechakaa, imepakwa uji. Huku Ujerumani tangu Machi 2020 kuna sheria ya surua, chekechea haimpokei mtoto mpaka uonyeshe amechanjwa. Mimi kadi niliiacha Tanga kwa mama, ikabidi mdogo wangu aipige picha, alafu aitume na yenyewe kwa mtu aliyekuwa anasafiri, mwanangu akakaa nyumbani wiki tatu na mimi sina wa kumwachia. Kadi ya kliniki ina uzito gani? Ibebe. Hata mtoto akiwa mkubwa ibebe.

Mfuko wa nne picha za pasipoti, nane hivi, nyuma nyeupe, saizi ya 35 kwa 45 milimita inakubalika sehemu nyingi, Marekani wao wanataka mraba wa sentimita 5 kwa 5. Na leseni ya udereva. Hapa Ujerumani leseni ya kwetu inatumika miezi sita tu toka uhamie rasmi, kwahiyo usije ukafikiri unayo milele.

Alafu vyote hivyo vipige skani, jitumie kwenye imeili yako mwenyewe, weka na kwenye fleshi, na kopi moja ya karatasi aachiwe mtu nyumbani ambaye anapokea simu. Nasisitiza anapokea simu.

Hatua ya 4: khanga, doti mbili

Kama ningeambiwa nihame na kitu kimoja tu tofauti na bahasha, ningechukua khanga. Doti moja haifiki nusu kilo, ukiikunja inakaa kwenye begi la mkononi na bado kuna nafasi, na sijui nguo nyingine yoyote inayofanya kazi nyingi kiasi hicho. Kwenye ndege ni blanketi. Usiku wa kwanza ni shuka, na kama godoro la watu hulielewi unatandika upande mmoja unajifunika mwingine. Asubuhi ni taulo, na inakauka haraka kuliko taulo, taulo kwenye nchi ya baridi linakaa siku mbili linanuka. Ni pazia kama dirisha linatazamana na jirani, Bujumbura nilikaa mwezi mzima pazia langu ni khanga na pini nne. Ni mbeleko. Ni ya kuswalia. Ni ya kuvaa mtu anapogonga mlango na wewe umetoka kuoga. Na ukipata msiba ugenini, Mungu apishie mbali, unayo ya kujifunga kwenda kukaa na wenzio, maana nilishawahi kuikosa siku kama hiyo na niliumia sana kukaa pale na suruali.

Chukua doti mbili, moja ya pamba iliyofuliwa mara nyingi ikalainika, nyingine mpya haijakatwa. Mpya kazi yake ni zawadi. Utafika mahali mtu atakusaidia mpaka utakosa cha kumpa, jirani aliyekupokea mzigo, mama aliyekukalia na mtoto, na khanga mpya kutoka nyumbani haimdhalilishi mtu kama hela. Wanaume wabebe kikoi, au shuka la kimasai kama ni nchi ya baridi, hesabu ni ile ile.

Hapo hapo weka foronya moja unayolalia siku zote, usiifue kabla ya safari. Mtoto wangu nchi mpya halali bila hiyo foronya, inanukia kitanda chake.

Hatua ya 5: umeme

Fupi tu. Dar, Nairobi, Kampala, Muscat na Dubai soketi ni zile za pini tatu bapa. Kigali, Bujumbura na huku Ujerumani ni pini mbili za duara. Afrika Kusini wana zao tatu kubwa za duara. Marekani pini mbili bapa na umeme wao ni volti 120 wakati kwetu ni 230 hivi.

Usinunue adapta tano. Beba ekstensheni moja ya nyumbani yenye matundu manne, na adapta moja nzuri ya nchi unayokwenda, unachomeka ekstensheni kwenye adapta na vifaa vyako vyote vinakula hapo. Ila chaja za simu na laptopu tu, usichomeke pasi wala jagi la umeme hapo, itayeyuka. Na kabla ya kuchomeka chochote soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja, kama imeandikwa 100-240V inakwenda popote duniani. Isipoandikwa hivyo iache nyumbani.

Pawabanki inakaa begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye begi kubwa. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni 100Wh, hicho ni kipimo cha umeme inaobeba. Ya 20,000mAh ni kama 74Wh, iko salama, ya 30,000 inapita 100 na wanaweza kukuzuia.

Hatua ya 6: laini ya nyumbani isife

Hii inawaumiza watu wengi kuliko begi kupotea. Namba yako ya Tanzania au Kenya ndo imebeba M-Pesa yako, benki yako, imeili yako, kila ukitaka kuingia sehemu wanatuma namba za uthibitisho kwenye laini ile. Sasa umeondoka, laini umeitoa ukaweka ya huko, imekaa kwenye pochi miezi, kampuni imeifunga kwasababu haitumiki, na kuirudisha wanataka wewe mwenyewe na kitambulisho, na kwetu Tanzania na alama za vidole juu. Utapanda ndege kwa ajili ya laini?

Fanya hivi. Kabla ya kuondoka nenda dukani kwao uwashe romingi, na uulize laini inaweza kukaa muda gani bila kutumika. Iweke kwenye kitochi chake peke yake au kwenye tundu la pili la simu yako. Kama unanunua kitochi chukua cha 4G, maana kuna nchi zimeshazima mitambo ya 2G na kitochi cha zamani hakishiki. Weka salio, na kwenye simu weka kikumbusho cha kila mwezi, tuma meseji moja au nunua vocha, ionekane inaishi. Na zile paswedi andika kwenye daftari la karatasi kwa namna unayoielewa wewe tu, siku simu itakapoibiwa ndo utajua kwanini.

Hatua ya 7: dawa na macho

Dawa unazotumia kila siku beba za miezi miwili au mitatu kadri utakavyoruhusiwa, ziwe kwenye boksi lake la asili, na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa, maana jina la biashara linabadilika nchi kwa nchi. Usimimine vidonge kwenye kikopo kimoja. Nchi za Ghuba dawa zenye kodeini au tramado zinadhibitiwa vikali sana, hata kama kwenu ulinunua kawaida kwa maumivu, kwahiyo angalia kwanza kabla hujazipakia. Miwani beba jozi mbili na karatasi ya vipimo vya macho. Na kwa anayetoka Kenya, mirungi iache, huko kwenu ni halali lakini Tanzania, Ghuba na Uingereza unakamatwa.

Hatua ya 8: jiko dogo

Vitu vitano: mwiko, kisu kidogo, chujio la chai, kijiko, kikombe cha bati. Basi. Kisu na mwiko vinaingia begi kubwa.

Mwiko nimeuweka makusudi. Sufuria usibebe, tena kama unakuja Ulaya majiko mengi mapya ni ya sumaku, sufuria zetu za alumini hazipati moto kabisa juu yake, unaiweka na jiko linakuandikia kosa. Lakini mwiko wa ugali, ule mpana wenye shingo ngumu, huku sijauona dukani. Vile vijiko vyao vya mbao ukisonga ugali wa watu wanne vinakatika. Wangu ni wa mti wa mwembe, alinichongea mjomba, umeshatembea nchi zote hizo.

Viungo vikavu beba kidogo kidogo, iliki, mdalasini, pilipili manga, kwa uzito wa kiganja. Ila sheria za chakula zisome. Umoja wa Ulaya hawaruhusu msafiri kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu, na samli ni maziwa. Shangazi yangu alinipikia samli lita nzima, akakesha anaichuja, nikaipakia bila kuuliza na forodhani wakaichukua wakaitupa mbele yangu. Niliona aibu kumwambia. Matunda mabichi nayo tangu Desemba 2019 yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, duriani na tende. Embe basi, na embe la Muheza linavyoniita, lakini basi.

Hatua ya 9: vinavyobaki

Sasa vile vitu visivyo na alama kwenye daftari. Usiviache vimetapakaa kwa ndugu watatu, baada ya miaka miwili hakuna atakayejua nini kiko wapi na utaanza kugombana na watu unaowapenda. Nunua tranka la bati, lile la wanafunzi wa bweni, moja tu, kila kisichoingia humo kigawe au uza. Sahani za kicheni pati nilimpa mdogo wangu, anazitumia, nikienda nyumbani nalia chakula humo humo. Ndani ya tranka weka karafuu kwenye kitambaa wadudu wasisogee, orodha ya vilivyomo gundisha upande wa ndani wa kifuniko, na orodha hiyo hiyo ipige picha ibaki kwenye simu yako. Ufunguo mmoja kwako, wa pili kwa mama. Tranka likikaa kwa mama na akihitaji lisogezwe asogeze, ni nyumba yake, usimpangie.

Hatua ya 10: kupima na kufunga

Nunua mizani ya kuning'iniza begi. Uzito unaopewa sana ni kilo 23 kwa begi, angalia tiketi yako, mashirika mengine wanatoa zaidi. Mimi nafunga kilo 20 nabakiza tatu, kwasababu siku ya kuondoka lazima atatokea mtu na kifurushi cha kumpelekea mwanae. Kifurushi cha mtu usichokiona ndani usikipokee, hata kama ni cha mchungaji au ustadhi, fungua mbele yake kwa heshima.

Nguo zigawe kwa mifuko ya kitambaa, mmoja wa ndani, mmoja wa mtoto, mmoja wa kazini. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki, achana nayo, Rwanda waliipiga marufuku 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni mosi 2019, na uwanjani wanaangalia.

Begi la mkononi ndo begi la usiku wa kwanza. Ndani yake: bahasha, dawa, chaja na adapta, laini, khanga moja, foronya, ndala, mswaki, nguo ya ndani ya kubadili kila mtu moja, kikombe, majani ya chai ya siku mbili, sabuni ya kipande. Sabuni ya kipande maana ya maji ikizidi mililita 100 viwanja vingi wanaitupa. Begi kubwa likipotea siku tatu uweze kuishi bila kulia, na langu lilishapotea siku tano tukaishi.

Ukifika usianze kufungua begi kubwa. Tandika khanga, vaa ndala, chemsha maji, mwogeshe mtoto, mlale. Asubuhi ndo uanze.

Alafu kuna kazi ya wiki ya sita ambayo karibu kila mtu anaisahau. Toa lile daftari, pita kwenye orodha na kalamu nyekundu, kila ambacho hujakigusa toka ufike kikate, na kila ulichokinunua kwa shida wiki ya kwanza kiongeze. Orodha yangu asaivi ina vitu 31. Cha mwisho kukatwa ni pasi, cha mwisho kuongezwa ni kamba ya nailoni ya kuanikia nguo, mita tano, na vibanio sita.